Jibu: Shokapu ya mbele ya ndege inashuka kila ikitoka Seronera

Habari mkuu. Kwa hiyo unasema shokapu ya gurudumu la mbele mkiijaza gesi ya naitrojeni hapo Arusha inasimama vizuri, ndege ikirudi kutoka uwanja wa Seronera, kule Serengeti, imelala tena. Acha kujaza kwanza.

Paka valvu ya kujazia gesi maji ya sabuni. Mapovu yakitoka, mchawi ni huyo. Ikiwa kavu, futa vumbi kwenye pistoni (ile nguzo inayong'aa ya shokapu) uipapase kwa kucha. Changarawe za viwanja vya porini huchimba kromu iliyoifunika, na kidonda kidogo tu kinakula sili (mpira unaozuia uvujaji) kila pistoni inapopanda na kushuka. Ukibadilisha sili ukaacha kidonda, umetupa hela.

Muulize rubani pia kama alitua kwa kishindo (wengi huzungukazunguka kujibu). Akikubali, ndege isiruke hadi ukaguzi wa kishindo ulioko kwenye kitabu cha matengenezo cha ndege ufanyike, na nyufa zitafutwe kwa rangi ya kupenya, ile inayoingia kwenye ufa na kuuonyesha. Toa presha yote ya shokapu kabla hujafungua chochote.