Mantra kila alfajiri, mbona kiburi kinaongezeka? Jibu langu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini baada ya miezi sita ya kurudia mantra, yaani maneno matakatifu ya sala, umekuwa mkali nyumbani, na wenzako unawaona kama watu waliolala. Nimekusoma mara mbili, maana yamenipata hayo hayo.

Nilisoma Dehradun, kaskazini mwa India, na wikendi nilipanda basi kwenda Rishikesh, kando ya mto Ganga. Huko nilinunua mala, tasbihi ya Kihindu yenye shanga 108, za mti wa tulsi, ndugu wa mrihani wetu. Nilianza na mzunguko mmoja, nikafika 16, nikawa naihesabu kama pesa. Jioni moja mwenzangu wa chumbani akaniuliza ndoo iko wapi. Nikamfokea kwamba ananikatisha, shanga bado nimeibana kati ya dole gumba na kidole cha kati. Kumbe alitaka kufua, na shuka langu alishalikunja pamoja na nguo zake.

Nilimsimulia mzee mmoja wa ashramu, makao ya ibada ya Kihindu. Akaniuliza tu: kidole cha shahada umekiweka wapi? Nilijua hakigusi mala, sababu sikuijua. Kwao hicho ni kidole cha ahamkara, yaani umimi. Ndicho tunachowanyooshea wenzetu. Ndiyo maana pia wapo wanaoingiza mkono na mala ndani ya gomukhi, kimfuko cha kitambaa, watu wasione umefika wapi. Na ukiifikia shanga kubwa, meru, huivuki: unageuza mala, unarudi ulikotoka. Aliyezoea nyiradi ataelewa upesi, ni hofu ile ile ya ria, ibada ya kujionyesha kwa watu.

Chaitanya wa Bengal, mtakatifu wa Kihindu aliyezaliwa 1486, anahesabiwa kuacha beti 8 tu. Wa tatu unasema anayeweza kuliimba jina la Hari, yaani Mungu, daima ni mnyenyekevu kuliko jani la nyasi, mvumilivu kuliko mti, asiyedai heshima ila huwapa wengine. Wengi tunausoma kama pambo. Mimi nauona ni sharti.

Kwa hiyo punguza mizunguko, na usimtajie mtu idadi. Mtoto akikuita katikati, weka mala chini, mwitikie, kisha uanze upya.

Mwenzangu nilimwomba radhi asubuhi yake, kabla sijagusa mala. Shuka langu lilikuwa limeshaanikwa.