Kampeni zimepamba moto: maswali yenu na majibu yangu

Meseji zenu ni nyingi, leo najibu tano.

*Tulibandika mabango usiku Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi tumekuta yamechanwa yote. Vijana wetu wanataka wakachane ya wenzetu. Nawazuiaje?*

Pole kaka, uchungu huo naujua, nimeshabandika mabango kwa uji wa unga saa nane usiku mikono inanata mpaka asubuhi, alafu unapita unakuta sura ya mgombea wako ipo mtaroni. Piga picha, andika saa na mahali, peleka kamati ya maadili ya kata, ndo kazi yake. Vijana wape mabango mengine wabandike palepale, mchana kweupe, watu wa mwaloni wakiwaona. Na nyie mkichana, lalamiko lenu limekufa.

*Nagombea udiwani. Kuna voisi inazunguka WhatsApp eti nafasi nimeipata kwa kulala na viongozi. Mume wangu hata kula hali. Nijibu au ninyamaze?*

Dada yangu, hili limeniuma sana. Anza na mumeo, kaa naye usiku huu umweleze kabla majirani hawajamweleza. Voisi itunze, usimfowadie mtu hata ndugu, nenda nayo polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Jukwaani sema mara moja tu: "Kuna mtu anaongelea kitanda changu, mimi nimekuja kuongelea bomba, tunaliona ziwa kwa macho na maji tunanunua kwa ndoo." Basi, usirudie tena. Mpinzani wako muite mheshimiwa, alafu muulize mbele ya watu, miaka yote hiyo kwenye baraza la madiwani hilo bomba ameliombea lini, na umsubiri ajibu. Hayo ya nyumbani kwake hata kama unayo yaache, mkewe na watoto hawagombei.

*Mzee wetu wa kampeni anasema bila matusi watu hawaji mkutanoni. Ni kweli?*

Hapana, na mzee mwenyewe kama ni Msukuma anajua. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanashindana tangu enzi za mababu, nenda Bujora kwenye tamasha la Bulabo mwezi Juni ujionee, ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja na mwenye watu wengi ndo kashinda, sasa kuna kejeli kali kwenye nyimbo, kuna wanaoleta hadi nyoka, yote hayo kumvuta mtazamaji avuke aje upande wao. Mkejeli mpinzani kwa ahadi zake mpaka jasho limtoke, mama yake muache.

*Magari ya matangazo yakikutana njiani Igoma tufanyeje?*

Zimeni spika, pisheni. Na mfuate ratiba ya msimamizi wa uchaguzi, saa 12 jioni mmefunga.

*Nikishindwa nimpe mkono aliyeshinda?*

Mpe. 2010 majimbo yetu ya Nyamagana na Ilemela yote yalienda upinzani, 2015 yakarudi CCM, viti hivi vinazunguka na nyie bado mtakutana misibani. Kama unaona umeibiwa, kusanya nakala za fomu za matokeo kwa mawakala wako ufungue kesi, mkono haukuzuii. Mimi nilimpa mtu mkono asubuhi na wiki hiyohiyo nikaenda kwa wakili, na mpaka leo tukikutana kwenye feri ya Kamanga ananiulizia watoto.