Milioni 30 zako, 10 zake: andikishaneni kabla ya kulipa

Dada, umesema mmepata pagale la milioni 40 kule Kibaha. Wewe unatoa milioni 30 za urithi wa marehemu baba, mchumba wako anatoa 10, na hati itakuwa na majina yenu wote. Unaona aibu kumwambia muandikishane, asije akadhani humwamini. Nimeona unavyojibiwa kwamba mkipendana hesabu za nini, nikashindwa kunyamaza. Mimi niliambiwa hayohayo mwaka 2013.

Mimi na baba watoto tulikuwa na mwaka mmoja kwenye ndoa. Nyumba ilikuwa milioni 25. Zangu 17, nilizopata kwa kuuza shamba alilonipa mama, zake 8. Nikamwingizia zangu kwenye akaunti yake ili alipe kwa mkupuo, naye akamwekea muuzaji. Mauziano tukaandikia ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wakasaini, mwenyekiti akagonga muhuri. Wanunuzi ni sisi wawili, lakini nani katoa ngapi haikuandikwa popote. Risiti ya benki, ile ya mashine, nikaitia kwenye Biblia. Tulipoachana miaka minane baadaye nikaifungua: karatasi nyeupe pee. Wino wote umeruka, imebaki alama ya kalamu pale mhudumu alipotia saini. Na hata ingesomeka, aliyelipa ni yeye.

Ndipo nikakijua kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ni ya nusu kwa nusu, mpaka anayekataa alete ushahidi. Ushahidi wangu ulikuwa taarifa ya benki inayoonyesha nimempa mume wangu milioni 17. Za nini? Haisemi. Yeye alikuwa na stakabadhi za mabati, mbao na nondo, na sitamsingizia: nyumba ile aliipaua yeye, kila Jumamosi alikuwa juu ya kichwa cha fundi. Sheria inalitazama hilo pia. Kifungu cha 114 kinahesabu mchango wa pesa, wa mali na wa kazi, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 Mahakama ya Rufani imekubali kwamba hata kulea na kutunza nyumba ni mchango. Tukagawana nusu kwa nusu. Shamba la mama likaenda hivyo, na mama alikuwa bado hai kulisikia.

Sasa nyinyi. Watu wengi wakiandikishana huandika asilimia tu, 75 kwa 25, wakadhani wamemaliza. Tuseme siku moja nyumba inauzwa milioni 70. Kwa asilimia unachukua milioni 52 na nusu, yeye 17 na nusu. Lakini mkiandika kwamba kila mtu anarudishiwa kwanza alichoanzia nacho, na faida ndiyo mnagawana sawa, wewe unapata 45, yeye 25. Hizo ni milioni saba na nusu zinazohama kwa sababu ya mstari mmoja. Kama mtakuja kupaua na kupiga plasta pamoja kwa mishahara yenu, mimi naona njia ya pili ndiyo ya haki. Kama yeye hataongeza kitu, asilimia. Lakini amueni sasa, na muandike pia matumizi ya baadaye yatahesabiwaje, maana pagale linakula pesa kuliko lilivyonunuliwa.

Kwenye hati nako kuna jambo. Sheria ya Ardhi ya 1999 ina umiliki wa pamoja wa aina mbili. Kuna ule ambao mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa mwenzake, na kuna ule ambao kila mtu ana sehemu yake, akifariki inaenda kwa warithi wake. Muulizeni wakili upi unawafaa, na kama ni wa sehemu, sehemu zitajwe. Usikubali kuandikiwa "kwa pamoja" halafu mkaondoka.

Milioni 30 zako zitoke akaunti yako ziende moja kwa moja kwa muuzaji, na maelezo ya muamala yataje nyumba. Risiti ipige picha siku hiyohiyo.

Makubaliano hayamfungi hakimu mikono, atatazama pia madeni na mahitaji ya watoto. Ila atakuwa na karatasi ya kusoma badala ya kubahatisha kati ya watu wawili waliokasirika. Mpaka leo naumia kwamba sikuwa nayo.

Kuhusu aibu: mdogo wangu alinunua nyumba na mchumba wake mwaka jana, yeye akiwa ndiye anayetoa pesa nyingi zaidi. Nilimsindikiza kwa wakili. Alitetemeka kumpa mchumba wake zile kurasa mbili. Kijana akasoma taratibu, akarudi ukurasa wa kwanza, akaomba kalamu. Tukadhani anafuta. Kumbe anaongeza mstari kwamba kisima atakachochimba kwa pesa yake kihesabiwe kwenye upande wake. Kikahesabiwa.