Swali la lugha: Bastola “hadharani” ni bastola iliyo wapi?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Umoja. Mimi hutafsiri habari za ng'ambo katika kituo kimoja cha redio hapa Nairobi. Wiki iliyopita niliandika hivi: “Kuanzia tarehe 1 Januari 2016, wenye leseni katika jimbo la Texas waliruhusiwa kubeba bunduki hadharani. Kabla ya hapo waliruhusiwa kubeba bunduki kwa siri pekee.” Mhariri alinirudishia akiuliza: serikali humpaje mtu leseni ya kufanya jambo kwa siri? Sikuwa na jibu. Nisaidie, maana habari za namna hii haziishi.

JIBU: Mhariri wako amegusa penyewe. Sentensi kama hiyo nimeisikia mara nyingi kwenye redio za matatu, na kila mara huwatazama abiria wenzangu nikijiuliza wameelewa nini. Tuanze na “hadharani”, kwa kuwa hapo ndipo habari yote inapopinda.

Hadharani ni mbele ya watu, mahali penye watu. Neno hilo hutaja mahali, halitaji namna. Abiria akipanda gari la Rongai na bastola chini ya koti, bastola hiyo iko hadharani hata kama hakuna aliyeiona, hata kondakta aliyebanana naye kwenye kiti cha nyuma. Kinyume cha hadharani ni nyumbani, faraghani. Chini ya koti si kinyume chake.

Tofauti hii si ya kupuuza, kwa sababu sheria ya Marekani yenyewe imejengwa juu yake. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi iliyotoka mji mkuu, Washington, kwamba raia ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwake ili ajihami. Likabaki swali: na akishavuka mlango? Jibu lilikuja tarehe 23 Juni 2022 katika kesi ya New York, kwamba haki hiyo humfuata hata nje. Hapo andika “hadharani” bila wasiwasi, ndilo neno lenyewe. Lakini leseni iliyogombaniwa New York ilikuwa ya kubeba bastola chini ya nguo. Kutembea nayo ikionekana hakukuruhusiwa katika jimbo hilo. Sasa ukitumia “hadharani” kwa New York, kisha “hadharani” kwa Texas, msikilizaji ataamini kwamba ni jambo lile lile, na hana njia ya kujua kuwa amepotoshwa.

Mabadiliko ya Texas hayakuhusu mahali. Mwenye leseni aliweza kwenda dukani na bastola yake tangu 1996. Kilichobadilika mwaka 2016 ni kwamba koti lingeweza kuvuliwa na bastola ikaonekana. Tunachotafuta basi ni neno la kuonekana. “Waziwazi” linafaa sana katika mazungumzo, na “peupe” pia. “Kwa uwazi” liache. Limeshachukuliwa na wanasiasa na wakaguzi wa hesabu, likaambatana na uwajibikaji. Na tafadhali usiandike “kuonyesha bastola”. Hapa kwetu mtu akisema “jamaa alinionyesha bastola”, hakuna anayeuliza zaidi: alitishwa. Kuonyesha ni tendo la mtu kwa mtu, ilhali kuonekana ni hali ya kitu. Majimbo mengi ya Marekani huadhibu la kwanza hata pale yanaporuhusu la pili.

Katika maandishi yanayotaka umakini, mimi huegemea sarufi kuliko msamiati. Andika “kubeba bastola ikionekana”. Kile -ki- hueleza hali inayoambatana na tendo, kama tunavyosema “nilimkuta akila”. Upande wa pili andika “kubeba bastola isionekane”, na hapo umetaja kusudi la mbebaji. Ukiandika “bastola isiyoonekana” umetuletea bastola ya kichawi. Ukiandika “alibeba bastola bila kuonekana”, asiyeonekana ni mtu mwenyewe. Ile i- ya “isionekane” ndiyo inayotuambia kwamba kinachokingwa na macho ni bastola.

Sasa “kwa siri”, na nduguye “kuficha”. Mtu ameomba leseni, serikali ina jina lake na alama za vidole vyake. Siri iko wapi? Na kuficha, katika Kiswahili, hufuatana na aibu au hatia. Mficha uchi hazai. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali zetu hazina neno jema kwa mfichaji. Tena “silaha zilizofichwa”, katika habari za hapa, ni zile ambazo polisi huzifukua shambani au kuzishusha darini. Ukiniambia Mmarekani “alibeba bastola iliyofichwa”, mimi namwona akipangusa udongo.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kuficha ndiyo tafsiri ya haki. Mwaka 1813 majimbo ya Kentucky na Louisiana yalitunga sheria dhidi ya silaha za kufichwa, na mwaka 1850 mahakama ya Louisiana ikaeleza sababu: silaha iliyo mbele ya macho ya watu humwelekeza mtu kujihami kiungwana, bila mwelekeo wa kuvizia na kuua kwa hila. Kwa watu wa enzi hiyo andika “kuficha” kwa moyo mkunjufu, maana hatia waliikusudia. Leo mambo yamegeuka sehemu nyingi za nchi hiyo. Mwenye bastola chini ya shati hupita bila kumshtua mtu, na yule ambaye yake inaonekana ndiye anayekodolewa macho. Wanaobishana kuhusu njia hizi mbili wana hoja zao, na mfasiri hana ruhusa ya kumhukumu mmoja wao kwa kitenzi.

Kiswahili kina kitenzi chake cha tendo hili, na hunisikitisha kuona vijana wengi hawajakisikia: kufutika. Ni kuweka kitu kati ya nguo na mwili, hasa kiunoni. Mtu alifutika kisu kwenye kikoi, bibi akafutika hela kwenye leso. Pale kitu kilipofutikwa, kwenye lile pindo la nguo kiunoni, ndipo kibindoni, na methali imeviweka pamoja: hamadi ni iliyo kibindoni, silaha ni iliyo mkononi. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyoutaja mjadala huu kwa maneno machache hivyo, kwa sababu hoja mojawapo ya wanaobeba waziwazi ni hiyo hiyo, kwamba silaha iliyo karibu na mkono hutoka haraka. Ukiona “kufutika” ni zito kwa wasikilizaji wako, “kuchomeka kiunoni” kunaeleweka mtaani kote, na “chini ya nguo” kunaeleweka hata na mtoto. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Ehudi katika kitabu cha Waamuzi, aliyekuwa wa mkono wa kushoto, akajifunga upanga chini ya nguo zake kwenye paja la kulia na kuingia nao hadi kwa mfalme wa Moabu. Hakuna aliyehitaji istilahi kumwelewa.

Onyo moja kuhusu kufutika. Tuna vitenzi viwili vinavyofanana. “Jina limefutika ubaoni” linatokana na kufuta. “Amefutika bastola” ni kile cha kibindoni, na kutendwa kwake ni kufutikwa. Kwa hiyo “bastola iliyofutika” imepotea kama chaki. Unayoitaka ni “bastola iliyofutikwa”. Usiidondoshe hiyo -w-. Hewani, ambako msikilizaji hana maandishi mbele yake, ongeza “kiunoni” ili asikie vizuri. Na bastola ikiwa kwenye mkoba wa mama au kwenye soksi, rudi kwa “isionekane”, maana hapo kiuno hakihusiki.

Hata “kubeba” lilinitia shaka jioni moja. Mlinzi wa lango letu ni Mmasai, na sime yake hukaa kiunoni ndani ya ala nyekundu. Nilimuuliza, “Sime hii unaibeba kila siku?” Akaishushia macho, akaipapasa kwa kiganja. “Sibebi, mzee. Nimejifunga. Kubeba ni gunia.” Nilisimama pale na mkate wangu mkononi nikikubali kwamba amenifundisha. Kilicho mwilini tunakivaa au tunajifunga, kama jambia, kama upanga. Kubeba kuna uzito wa mzigo ndani yake. Katika lugha ya sheria siwezi kuling'oa tena, kwa kuwa “haki ya kuweka na kubeba silaha”, ile ya marekebisho ya katiba ya Marekani ya mwaka 1791, imeshazoeleka hivyo. Lakini unapomsimulia mtu mmoja aliyesimama kwenye foleni ya benki, “amejifunga bastola” kutakupa picha ambayo “amebeba bastola” hakutoi. Huyu wa pili naona kama anayo kiganjani, na foleni nzima inakimbia.

“Bunduki” iondoe kabisa. Si suala la ladha. Texas bunduki ndefu zilibebwa waziwazi kihalali hata kabla ya 2016. Sheria mpya ilihusu bastola. Neno moja lilitosha kuifanya habari yako kuwa ya uongo. Na lengo la kubeba, likitajwa, liwe “kujihami”. Kujitetea ni kwa maneno, kazi ya mshtakiwa kizimbani.

Basi mpelekee mhariri hii: “Kuanzia tarehe 1 Januari 2016, wenye leseni katika jimbo la Texas waliruhusiwa kubeba bastola ikionekana, mradi iwe ndani ya ala yake kwenye mshipi au begani. Kabla ya hapo walitakiwa kuibeba isionekane.” Kama habari ni ya leo, ongeza kwamba tangu tarehe 1 Septemba 2021 watu wengi wazima wenye miaka 21 au zaidi hawahitaji tena leseni hiyo Texas kubeba bastola, kwa hiyo “wenye leseni” ya sentensi yako ni ya wakati ule tu.