Fyuzi Ina Namba Mbili

Jana asubuhi nilimkuta kijana wa atachimenti (mafunzo ya kazini) akiivisha fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Pikipiki ya umeme ya volti 72! Nilimnyang'anya, nikaenda kunywa chai kwanza, maana ningefungua mdomo papo hapo tungekosana. Sasa chai imeisha, nyote wa gereji sikilizeni.

1. Chomoa betri. Kuzima ufunguo si kuchomoa betri. Hata ukishachomoa, kapasita za kontrola (kile kiboksi kinachoongoza mota) bado zimeshika stima, kwa hiyo pima mpaka multimita isome karibu na sifuri.

2. Fyuzi ikiungua tafuta shoti. Kuna mmoja wenu, simtaji, alimaliza fyuzi tano akisema "labda hizi ni feki".

3. Soma volti, si ampea peke yake. Hii niliilipia, basi tulieni.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, jioni ya mvua, boda mmoja alikuja taa na honi zimekufa. Fyuzi ya konvata (kile kifaa kinachoshusha volti za betri ziwafae taa na honi), ile ya ampea 10, imekwenda. Stoo hamna. Nikakimbia Kirinyaga Road, nikarudi na fyuzi nyekundu ya gari, ampea 10. Ikaingia kwenye holda bila hata kusukumwa. Taa zikawaka, jamaa akanipa mia juu, nikajiona injinia.

Mgongoni mwa ile fyuzi, kwa herufi za kutafutia tochi, paliandikwa 32V.

Shoti yenyewe sikuitafuta (rudi namba 2). Nyaya za konvata zilikuwa zikisuguana kwenye shingo ya usukani, na siku chache baadaye, akikata kona, shaba ikakutana na shaba. Kiuzi cha fyuzi kiliyeyuka vizuri tu, lakini cheche haikuzimika. Stima ya ukutani hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche ikapata nafasi ya kufa. Ya betri haipumziki. Ukiipa stima ya volti 72 pengo la fyuzi lililotengenezewa 32, inaliruka na kuendelea kuchoma. Jamaa alisikia harufu ya plastiki, akasimama, akainua kiti, akachomoa plagi ya betri akiwa bado na glavu za mvua. Yeye hakuungua, namshukuru Mungu. Holda ilikuwa imegeuka ukoko wa ugali, nyaya zimeteketea, kiti nusu. Nilikatwa mshahara miezi miwili. Mpaka leo tukikutana stejini ananiita Fundi Moshi mbele ya wateja wake, nami naitika.

4. Nissan Leaf, lile gari la umeme, ikiingia haitaki kuwaka, anza na ile betri ndogo ya volti 12. Nyaya za rangi ya machungwa usiguse, niite. Huko ni volti zaidi ya 300: tunatoa plagi ya usalama inayokata betri kubwa, tunangoja dakika 10 kwa kutazama saa, si kwa kukisia, na glavu za volti 1000 tunazijaza hewa kwanza tuone kama zimetoboka. Mwaka jana moja ilitoboka kwa sababu mtu aliitumia kubebea chuma cha breki. Anajijua.

5. Msumari si fyuzi. Waya si fyuzi. Wewe wa jana, karatasi yako iko kwenye droo yangu, imelala na ile holda yangu iliyoyeyuka. Ukitaka kuiona, njoo na chai, na mandazi mawili.