Nairobi tulale wapi?

SWALI: Shangazi, mwezi ujao nampeleka mamangu kliniki Hospitali ya Kenyatta. Nairobi sijawahi fika na hapa kila mtu ananitisha na lake. Mitaa gani tusilale? – Binti wa Shela, Malindi

JIBU: Mwanangu, hao wanaokutisha wengi walishuka basi alfajiri wakarudi na hadithi ile ile moja. River Road, kule katikati ya jiji mabasi mengi yanakoshusha watu, mchana ni biashara tu, watu wanasukumana kama sokoni kwetu, shida ni ile saa kumi za usiku umeshuka na mabegi, mgonjwa umemshika mkono, hujui kulia wala kushoto, hapo kila mtu anajua wewe mgeni. Kwa hivyo gesti za rahisi za River Road, Nyamakima na Kirinyaga Road ziache hata bei ikikuita. Eastleigh chakula cha halali tele, ila asubuhi hiyo foleni mpaka Kenyatta utalia. Mi ningetafuta chumba South C, misikiti ipo na hospitali si mbali, ama karibu na hospitali yenyewe kama mfuko unaruhusu.

Basi panda la asubuhi ulale njiani kidogo mchana, na mwenyeji awangoje stendi. Kwa matatu simu usiitoe dirishani, yangu ilichomolewa nikiandika "nimefika salama" wallahi.

Ah, na kabla hujalipa uliza lifti inafanya kazi, mamako ghorofa ya nne hapandi.