Sponji la godoro si la kufungia taa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kufunga mizigo huku madukani Mji Mkongwe, mie nshakaa kwenye kazi hii miaka 11 na kila akija kijana mpya namuona anafanya kile kile, anatafuta sponji nene kuliko yote, akishalipata anaona kamaliza. Unene peke yake hausaidii. Anza na uzito wa kitu chenyewe, halafu jiulize kitarushwa mara ngapi njiani.

Nakupeni langu. Mwaka wangu wa kwanza nlifunga taa ya shaba yenye vioo vya rangi, kilo 6 hivi, inakwenda Ujerumani, nkaenda Mwanakwerekwe nkanunua vipande vya godoro nkaizungushia mpaka ikawa kama mtoto mchanga, raha tupu. Imefika vioo vitatu vimevunjika. Sponji la godoro ni laini mno, kitu kizito kikianguka kinalibonyeza mpaka mwisho halafu kioo kinapokea pigo lote kama vile hamna kitu hapo kati. Tena linanyonya unyevu, na hewa yetu ya masika mnaijua, ile shaba ilifika na madoa ya kijani. Bosi alinikata mshahara, ingawa yeye ndo alokataa kunipa pesa ya kununua kitu cha maana, lakini hayo tuyaache.

Lile jeupe gumu la kwenye boksi la tivii, lile linalomwaga chembe chembe (likiuzwa huandikwa EPS), lenyewe ni jepesi maana karibu lote ni hewa, na kitu kizito linakibeba vizuri. Ila ni la pigo moja. Likishapondeka halirudi, kwa hiyo ukiokota la zamani lina mashimo na nyufa usijidanganye. Na kitu chepesi kama kikombe chembamba usikilaze juu yake, halibonyei, pigo linapita moja kwa moja.

Nnayoipenda mie ni ile foma nyeupe inayokunjika, imeandikwa EPE. Haimwagi chembe, maji hainyonyi, ukiibonyeza inarudi. Ukienda kununua usione haya, bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu uhesabu mpaka kumi, ukiachia ikibaki na kishimo irudishe. Ile nailoni ya vipovu ni ya kuvalishia tu, vipovu viangalie ndani, usiitegemee kubeba kizito. Vitu vya umeme vyenye bodi ndani tafuta ile nailoni ya pinki isiyoweka umeme tuli.

Kati ya kitu na boksi acha sentimita 5 za kujaza kila upande, kwa vizito zidisha. Ukishafunga, kabla ya selotepu, litikise boksi karibu na sikio, ukisikia hata mchakacho mdogo fungua ujaze tena.

Ila msijaze kama wendawazimu, ndege hawaangalii kilo peke yake. Wanapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wengi wa kurusha vifurushi wanagawa kwa 5000, jibu ndo kilo, na ikizidi uzito wa mizani unalipia hiyo. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 linalipiwa kilo 24 hata kama ndani mna taa ya kilo 6, na mteja akiiona bei hiyo atakukimbia wewe si mimi.

Mzigo wa Pemba wengi wanaudharau, eti hapo tu. Yakhe, boksi linapita kwa wachukuzi wa bandari ya Malindi hapa Unguja, linashuka bandari ya Mkoani kule Pemba, linapandishwa juu ya gari, kila mahali linatupwa, ndo maana huko la pigo moja silipeleki. Mwezi uliopita nlipeleka Wete vikombe 12 vya kahawa vya bi harusi, kila kimoja nmekivika EPE nyembamba nkavisimamisha, boksi ndani ya boksi. Kimepasuka kimoja, nacho kilimponyoka shangazi mtu wakati anafungua.